Kipa ambaye hakuwahi kukosa mechi

SEHEMU YA 1

Bado tuko kwenye kifua kikuu. Juzi nilipata swali moja zuri sana: "Nesi, mtu mwenye TB si anakuwa hoi kitandani? Huyu shemeji yangu anakohoa lakini anaamka, anakwenda kazini, hajakosa hata siku moja." Nilianza kuandika jibu fupi, nikaona haliwi fupi. Nikakumbuka habari ya mtu mmoja wa zamani, na leo nataka niwasimulie yeye. Ni ndefu, kwa hiyo nimeikata vipande. Nyonyesha mtoto, kaa vizuri, soma taratibu.

Mtu mwenyewe anaitwa Georges Vézina. Alizaliwa tarehe 21 Januari 1887 kwenye mji mdogo unaoitwa Chicoutimi, jimbo la Quebec huko Kanada, kandokando ya mto Saguenay. Watu wa kule wanaongea Kifaransa. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Na kazi ya Georges, iliyomfanya mpaka leo jina lake litajwe kila mwaka, ilikuwa ni kusimama golini.

Siyo goli la mpira wa miguu, ni goli la hoki ya barafuni. Najua wengi wetu huu mchezo tumeuona kwenye televisheni tu, tena kwa kupitisha chaneli. Basi niueleze kidogo. Uwanja wenyewe ni barafu tupu. Wachezaji wanavaa viatu vyenye makali ya chuma chini, wanateleza kwa kasi ambayo mtu wa kukimbia hawezi kuifikia. Kila mmoja ana gongo. Badala ya mpira wa duara kuna kisahani cha mpira mgumu mweusi, kinene kama inchi moja, kipana kama mdomo wa kikombe cha chai, uzito wake kama gramu 170. Kikipigwa na mtu anayejua, kinakuja kama jiwe la manati. Kipa ndiye anayesimama mbele yake.

Na enzi za Vézina kipa alisimama hivyo uso wazi. Hakuna barakoa, hakuna kofia ngumu. Miguuni anafunga pedi za ngozi, mkononi glavu, kwisha. Barakoa ya kipa ilikuja kuwa jambo la kawaida baada ya tarehe 1 Novemba 1959, pale Jacques Plante, kipa wa timu ileile aliyochezea Vézina, alipopigwa usoni na kisahani, akashonwa, akagoma kurudi uwanjani bila kuvaa barakoa. Vézina wakati huo alikuwa kaburini miaka 33.

Sasa la kuchekesha. Huyu mtoto wa mwoka mikate alijifunza ukipa bila hata viatu vya makali. Alisimama golini na viatu vyake vya kawaida, akakua hivyo, mpaka ujanani ndipo akavizoea vile vya barafu. Ukifikiria vizuri hiyo inaeleza mengi juu ya uchezaji wake. Hakuwa mtu wa kuruka wala kujirusha. Alisimama wima, akatazama, akapeleka gongo pale kisahani kinapokuja.

Februari 1910 timu ya kulipwa ya mjini Montreal, Canadiens, ilikwenda Chicoutimi kucheza mechi ya kirafiki na vijana wa pale. Canadiens yenyewe ilikuwa na miezi michache tu tangu ianzishwe. Mnajua mechi za namna hii, timu kubwa inakuja kijijini kuchukua fedha za kiingilio na kufundisha watu adabu. Vijana wa Chicoutimi wakashinda. Kipa wa Canadiens siku hiyo alikuwa Joseph Cattarinich, na yeye ndiye aliyerudi Montreal akisema yule kipa wa kule asajiliwe. Yaani kipa anampendekeza mtu wa kuja kuchukua nafasi yake mwenyewe! Mimi hapo huwa nasimama kidogo, maana kazini kwetu sijaona wengi wa hivyo.

Vézina alisaini, akacheza mechi yake ya kwanza tarehe 31 Desemba 1910. Alikuwa na miaka 23, ana mke. Alimwoa Marie-Adélaïde-Stella Morin mwaka 1908.

SEHEMU YA 2

Kuanzia mkesha ule wa mwaka mpya, Vézina hakukosa mechi. Nataka mlielewe hili neno. Siyo kwamba alikosa chache. Hakukosa hata moja, kwa miaka karibu 15. Ukijumlisha mechi za ligi na zile za mtoano zinazidi 360 mfululizo. Kwa kawaida timu zilikuwa na kipa mmoja tu, na kipa akiumia anafungwa kitambaa, anarudi. Mafua, jino, kidole kimevunjika, mtoto mgonjwa nyumbani, yeye yupo golini.

Watu walimpa jina la utani: Tango la Chicoutimi. Msicheke. Kwa wazungu wa kule mtu ambaye hapandi jazba hufananishwa na tango, kwa sababu tango ukilikata ndani ni baridi hata siku ya jua. Sisi tungesema mtu wa moyo mgumu, au mtu asiyebabaika. Akifungwa hasemi kitu. Akiokoa hasemi kitu. Msimu ukiisha anarudi Chicoutimi kwenye biashara yake ya kutengeneza ngozi, anakaa na familia.

Halafu kulikuwa na sheria moja ya ajabu. Miaka ile kipa hakuruhusiwa kulala wala kupiga magoti kwenye barafu ili kuzuia goli. Ukidondoka makusudi unaadhibiwa. Kipa wa Ottawa, Clint Benedict, alikuwa mjanja, "anateleza" kila dakika, anaanguka magoti kama mtu anayesali, mpaka viongozi wakachoka. Januari 1918 wakaifuta hiyo sheria, makipa wote wakawa huru kuanguka. Vézina akaendelea kusimama vilevile. Na mwezi uliofuata, tarehe 18 Februari 1918, akawa kipa wa kwanza kumaliza mechi bila kufungwa katika ligi mpya ya NHL, ile iliyoanzishwa Novemba 1917 na ambayo ipo mpaka leo. Canadiens waliwafunga Toronto 9 kwa 0.

Kombe kubwa la mchezo huu ni Kombe la Stanley. Canadiens walilichukua kwa mara ya kwanza mwaka 1916, walipowafunga timu ya Portland kutoka Marekani katika mechi ya tano, tarehe 30 Machi. Usiku uleule mke wa Vézina akajifungua mtoto wa kiume. Akaitwa Marcel Stanley. Jina la kombe! Mimi kama nesi wa wodi ya wazazi nimeshaandika kwenye kadi majina ya kila aina, ya marais, ya wacheza mpira, ya mvua na ya njaa, kwa hiyo huyu baba namwelewa kabisa. Ninalolifikiria zaidi ni mama Stella, mumewe yuko golini Montreal na yeye yuko kwenye uchungu. Magazeti yaliandika mechi, ya mama Stella hayakuandikwa.

SEHEMU YA 3

Hapa naingia kwenye eneo langu, na sehemu hii nitaikalia kidogo.

Mwaka 1919 Canadiens walisafiri kwa treni mpaka Seattle, upande wa pili kabisa wa bara, kucheza fainali ya Kombe la Stanley na timu ya Seattle Metropolitans. Ulikuwa ni wakati wa ile homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima kuanzia 1918, ambayo na huku kwetu iliua watu wengi sana. Walicheza mechi tano. Kila timu ilishinda mbili, moja wakatoka sare. Ya sita ingekuwa tarehe 1 Aprili. Haikuchezwa. Wachezaji kadhaa wa Canadiens na meneja wao George Kennedy walikuwa na homa kali, wengine wamelazwa. Seattle walikuwa na haki ya kupewa kombe kwa sababu wenzao hawakuweza kuleta timu. Kocha wao Pete Muldoon akakataa kulichukua kwa njia hiyo. Mwaka ule kombe halikupata mwenyewe.

Tarehe 5 Aprili, Joe Hall, beki wa Canadiens, akafia hospitalini Seattle. Kennedy alipona lakini hakurudi kuwa mzima kama zamani, akafariki 1921. Timu ikanunuliwa na watu watatu, mmoja wao yuleyule Cattarinich aliyemleta Vézina, na mwingine Léo Dandurand, ambaye mkumbuke jina lake, tutamhitaji mbele.

Vézina alikuwepo katika fainali ile, golini, mechi zote tano. Alimzika mwenzake kichwani mwake kama tunavyowazika wagonjwa wetu, maana msimu uliofuata timu ilicheza na yeye akarudi kusimama pale pale. Mimi naamini wachezaji wale walijifunza somo kutoka Seattle, ila walijifunza somo la mafua. Mafua yanaingia kwa kishindo. Leo mzima, kesho homa ya kutetemeka, kesho kutwa umelazwa, kila mtu anaona. Ukishaona ugonjwa wa namna hiyo unaanza kuamini kwamba ugonjwa hatari lazima uje hivyo, na kwamba mtu akiweza kusimama basi hana kitu kikubwa.

Kifua kikuu siyo hivyo, kina mama. Mdudu wake, ambaye Robert Koch alimtangaza tarehe 24 Machi 1882 (ndiyo maana siku ya kifua kikuu duniani ni 24 Machi), anaingia kwa hewa kutoka kwa mtu anayekohoa, anakaa mapafuni, na kwa watu wengi mwili unamzungushia ukuta anatulia. Anaweza kutulia miaka. Wengi hawaugui maisha yao yote. Kwa baadhi ukuta unabomoka, na hata hapo haji kwa kishindo. Anakuja na kikohozi ambacho unasema ni vumbi. Homa za jioni ambazo asubuhi zimepotea. Jasho la usiku, unabadilisha shuka unasema ni joto. Uzito unapungua, watu wanakusifia. Na muda wote huo mtu anafanya kazi. Siyo kwamba anajifanya mzima. Mwili unaweza kabisa, kwa muda mrefu, kubeba kazi na kifua kikuu pamoja.

Kwa hiyo sifa ya "hajawahi kukosa" haimwambii nesi chochote kuhusu mapafu ya mtu.

SEHEMU YA 4

Turudi kwa Vézina, kwa sababu miaka yake ya mwisho uwanjani ndiyo iliyokuwa bora kuliko yote.

Mwaka 1924 Canadiens walichukua tena Kombe la Stanley. (Kuna kisa kwamba baadhi ya wachezaji walikuwa wanalipeleka kombe nyumbani kwa Dandurand kusherehekea, gari likapata pancha, wakaliweka kombe kando ya barabara wabadilishe tairi, wakaondoka wamelisahau. Waliporudi lilikuwa palepale kwenye theluji. Jaribu kuliacha kando ya barabara yetu uone.) Msimu uliofuata, 1924/25, Vézina aliruhusu wastani wa mabao 1.81 kwa mechi, wachache kuliko kipa yeyote kwenye ligi. Ana miaka 38 na timu yake imefika fainali tena. Walifungwa na Victoria, lakini hakuna mtu aliyesema kipa amezeeka.

Vuli ya 1925 alipofika kambini kujiandaa na msimu mpya, alikuwa mgonjwa kwa kumtazama tu. Taarifa zinasema alipungua kama kilo 16 katika wiki sita hivi. Someni tena hiyo. Kilo 16. Hakuna nesi ambaye angeona namba hiyo kwenye kadi akakaa kimya. Pale kambini walimwona kila siku, wanavua nguo chumba kimoja naye. Na alikuwa Vézina, mtu ambaye halalamiki, mtu ambaye hajakosa. Mimi siwalaumu sana. Mtu akikuzoesha miaka 15 kwamba yeye hana shida, siku akiwa na shida macho yako yanakataa kuiona.

Tarehe 28 Novemba 1925, Jumamosi, uwanja wa Mount Royal Arena, Montreal. Mechi ya kwanza ya msimu, dhidi ya timu mpya kutoka Pittsburgh. Vézina ana homa ya nyuzi 39 hivi. Anaingia golini. Kipindi cha kwanza, dakika 20, hakufungwa bao.

Mapumziko akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akatapika damu.

Akarudi uwanjani.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza tu alipoanguka kwenye eneo lake la goli. Yeye ambaye hakukubali kuanguka hata sheria iliporuhusu. Wakamtoa, na Alphonse Lacroix, Mmarekani aliyekuwa golini kwa nchi yake kwenye Olimpiki ya 1924, akavaa akaingia. Canadiens walifungwa bao 1 kwa 0. Siku iliyofuata daktari akatoa jibu: kifua kikuu cha mapafu, tena kimeshakwenda mbali.

Kuhusu ile damu, wengine mtaniuliza. Kifua kikuu kikikomaa kinatoboa mashimo ndani ya pafu. Kando ya shimo kuna mishipa ya damu. Mshipa ukiliwa ukapasuka, damu inapanda na kikohozi, nyekundu, wakati mwingine ina povu. Haitoki siku ya kwanza ya ugonjwa. Mtu anayetoa damu namna ile ana miezi akiugua. Kwa hiyo pale kambini alikuwa anaumwa, na kuna uwezekano mkubwa hata kabla ya kambi. Wala siyo kila mwenye TB anatoa damu, naomba msisubiri damu.

Siku chache baadaye, anasimulia Dandurand, Vézina alikwenda mara ya mwisho kwenye chumba cha timu, akakaa kwenye kona yake kama mtu anayejiandaa kwa mechi, machozi yakimtoka, akaomba jezi aliyovaa fainali ya mwisho. Halafu akarudi Chicoutimi na mkewe.

Nimekwambieni mkumbuke jina la Dandurand. Huyu bwana alikuwa mfanyabiashara wa mchezo, anajua kuuza tiketi na anajua kuuza habari. Ni yeyeyule aliyewaambia waandishi kwamba Vézina hajui neno la Kiingereza na ana watoto 22, wakiwemo mapacha watatuwatatu mara tatu, wote ndani ya miaka tisa. Magazeti yakachapa. Hesabu yenyewe fanya na vidole uone kama hata mama mwenye nguvu za simba anaiweza. Ukweli ni kwamba Vézina na Stella walikuwa na wana wawili waliokua: Jean-Jules na Marcel Stanley. Kiingereza cha kuelewana na wenzake alikuwa nacho. Kwa hiyo kile kisa cha machozi na jezi nakipokea, huenda ni kweli tupu, lakini nakipokea nikijua kimetoka mdomo gani.

Na hizo 22 zinaniudhi kwa sababu nyingine. Ukishamfanya mke wa mtu kuwa kichekesho cha watoto 22, hakuna tena anayeuliza habari ya wale wawili waliokuwa nyumba moja na baba anayekohoa.

SEHEMU YA 5

Sasa niulize swali ambalo mnaniulizaga mimi kila siku: angewahi hospitali, angepona?

Nitajibu kwa ukweli, hata kama haunisaidii kwenye kazi yangu ya kuwahimiza. Mwaka 1925 dawa ya kifua kikuu haikuwepo. Duniani kote, hata kwa tajiri, haikuwepo. Matibabu yalikuwa kupumzika, kula vizuri, hewa safi, na ndiyo maana vituo vya wagonjwa wa kifua vilijengwa milimani na mbali na miji. Hata Kibong'oto yetu, kule Siha mkoani Kilimanjaro, ilianza hivyohivyo mwaka 1926, mwaka aliokufa Vézina: kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu kwenye hewa ya mlimani. Wapo waliopata nafuu kwa kupumzika mapema. Wengi hawakupata. Angekwenda miezi sita kabla, labda angeishi zaidi, labda hapana. Ila kuna kitu kimoja ambacho kingebadilika hakika. Chumba cha wachezaji kilichofungwa madirisha kwa ajili ya baridi, mabehewa ya treni siku nzima, nyumba yenye watoto wawili: angekuwa amekaa mbali navyo mapema.

Georges Vézina alifariki tarehe 27 Machi 1926 hospitali ya Hôtel-Dieu, Chicoutimi, mjini kwao alikozaliwa. Miaka 39. Marcel Stanley alikuwa anakaribia kutimiza miaka 10. Canadiens, waliokuwa fainali mwaka uliotangulia, walimaliza msimu ule wakiwa wa mwisho kwenye ligi.

Dawa ya kwanza ya kweli, streptomycin, ile ya sindano, ilipatikana mwaka 1943. Miaka 17 baada yake. Zikafuata nyingine. Na matibabu ya miezi sita ambayo leo mgonjwa wa kawaida wa TB anapewa, mnajua yalithibitishwa wapi kwa mara ya kwanza? Hapa hapa, kwenye utafiti uliofanyika Afrika Mashariki na Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wagonjwa wetu wakiwemo. Kabla ya hapo mtu alikuwa anatibiwa mwaka mzima na zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa za TB ni mambo ya wazungu, mwambie wazee wetu walizimeza kwanza ndipo dunia ikaziamini.

Lakini kuna jambo moja lilikuwepo tayari wakati Vézina anaumwa, na ndilo linalowahusu nyie mnaonyonyesha sasa hivi. Ufaransa, Albert Calmette na Camille Guérin walikuwa wametumia miaka 13 kumdhoofisha mdudu wa TB ya ng'ombe mpaka akawa hawezi kumdhuru mtu. Mwaka 1921, Paris, chanjo hiyo alipewa mtoto mchanga kwa mara ya kwanza. Mama yake alikuwa amefariki kwa kifua kikuu baada tu ya kumzaa, na bibi ambaye angemlea naye alikuwa nacho. Alipewa kwa mdomo, matone. Yule mtoto akakua. Mwaka 1926, Montreal, jiji lilelile la Canadiens, madaktari wakaanza kuwapa watoto wachanga chanjo hiyo. Jina lake ni BCG: herufi mbili za mwisho ni Calmette na Guérin.

Ndiyo ile tunayomchoma mtoto wako akishazaliwa, inaacha kovu dogo mkononi. Haimzuii mtu mzima kuugua TB ya mapafu maisha yake yote, msinielewe vibaya, na mwenye kovu anaweza kuumwa. Kazi yake kubwa ni kumkinga mtoto mdogo na TB ile mbaya inayopanda kwenye ubongo au kusambaa mwili mzima. Na mtoto mwenye TB mara nyingi hata hakohoi sana. Anakataa kuongezeka uzito, anakuwa mnyonge, hachezi. Ndiyo maana kwenye ile kadi mstari wa uzito nauangalia kabla sijakusalimia.

Kwa aliyeniuliza habari ya shemeji: wiki mbili za kikohozi zinatosha kwenda kupima makohozi. Asisubiri akonde, wala asisubiri ashindwe kwenda kazini. Kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa hulipii. Akikutwa nacho, nyie wote wa nyumba hiyo mnapimwa, na walio chini ya miaka mitano kwanza kabisa, kwa sababu hata wasipougua kuna dawa ya kuwakinga.

Na tuzo? Nilisema jina lake linatajwa kila mwaka. Baada ya kifo chake Dandurand, Cattarinich na mwenzao Létourneau walitoa kombe kwa ligi, Vezina Trophy, apewe kipa bora wa msimu. Wa kwanza kulichukua, msimu wa 1926/27, alikuwa George Hainsworth, ndiye aliyesimama kwenye goli la Canadiens baada ya Vézina. Mwaka 1945, jumba la heshima la hoki lilipochagua watu wake wa mwanzo kabisa, jina lake lilikuwemo. Kule Chicoutimi uwanja wa barafu wa mji unaitwa jina lake.

Kesho nitajibu maswali ya BCG: mtoto ambaye kovu halikutokea, mtoto wa njiti, na usaha kwenye kidonda. Walioniandikia picha za mikono ya watoto nimeziona zote.